Ngoma Ikilia Sana Hupasuka: Matumizi ya Busara ya Kompresa katika Muziki

Miongoni mwa vyombo vya studio ya muziki, ni vichache vinavyotumiwa mara nyingi na kueleweka kwa nadra kama kompresa. Zamani kilikuwa kisanduku kizito chenye valvu au transista, cha bei kubwa, na fundi alilazimika kufikiri ni sauti ipi inayostahili kupitishwa humo. Leo kompresa ni sehemu ya programu ya kompyuta, na kijana anayerekodi nyumbani anaweza kuweka ishirini katika wimbo mmoja bila kulipa senti moja zaidi. Urahisi huo ni neema. Hata hivyo, umeliondoa swali ambalo gharama ilimlazimisha fundi wa zamani kuliuliza: je, sauti hii inahitaji kubanwa?

Makala haya yanatetea rai moja. Kompresa haifai kuwekwa mpaka fundi awe ameweza kutaja kwa maneno tatizo analotaka kuliondoa. Na ikisha kuwekwa, haifai kubaki mpaka iwe imesikilizwa kwa haki, yaani sauti iliyobanwa na ile isiyobanwa zikiwa na ukubwa ule ule. Rai hii haitokani na ladha ya mtu. Inatokana na fizikia na hesabu zinazofundishwa katika shule za sekondari, na ndiyo sababu inafaa kujadiliwa na walimu na wanafunzi, sio mafundi wa studio peke yao.

Maana ya kubana sauti

Yafaa kwanza kuondoa utata wa maneno. Mwalimu wa fizikia akieleza wimbi la sauti husema kuwa hewa hubanwa na kuachiwa kwa zamu. Huko ni kubanwa kwa hewa yenyewe. Wataalamu wa kompyuta nao husema juu ya kubana faili, kama MP3, ili lichukue nafasi ndogo zaidi. Kompresa inayozungumziwa hapa haifanyi hata moja kati ya hayo. Kazi yake ni kupunguza tofauti iliyopo baina ya sauti kubwa na sauti ndogo katika muziki.

Mfano wake ni mkono wa fundi mitambo wa redio. Mwimbaji akipaza sauti, fundi hurudisha kitufe chini. Akinong'ona, fundi hukipandisha. Katika miaka ya 1930 vituo vya redio vya Marekani vilianza kutumia vikuza sauti vilivyoifanya kazi hiyo vyenyewe, kwa kuwa mtambo wa kurushia matangazo ukizidiwa na sauti kubwa hukwaruza, na sauti ikiwa ndogo mno humezwa na makelele ya hewani. Kwa hiyo kompresa ilizaliwa kama mlinzi. Baadaye tu ndipo wanamuziki walipogundua kuwa mlinzi huyo hubadilisha pia tabia ya sauti, na kwamba mabadiliko hayo mara nyingine hupendeza.

Hesabu yake ni nyepesi. Fundi huchagua kizingiti, yaani kiwango ambacho sauti ikikipita huanza kubanwa, na uwiano wa kubana. Tuseme kizingiti ni desibeli −20 na uwiano ni 4 kwa 1. Sauti inayoingia ikiwa na desibeli −8 imekipita kizingiti kwa desibeli 12. Uwiano wa 4 kwa 1 huzigeuza 12 kuwa 3, kwa hiyo sauti hutoka ikiwa na desibeli −17. Imepungua kwa desibeli 9. Sauti nyingine yenye desibeli −36 iko chini ya kizingiti, nayo hupita bila kuguswa. Mwanzoni sauti hizi mbili zilitofautiana kwa desibeli 28. Sasa zinatofautiana kwa desibeli 19.

Aghalabu fundi hufidia upungufu huo kwa kuongeza desibeli 9 kwa yote. Sauti kubwa hurudi katika −8, na ile ndogo hupanda hadi −27. Hapa ndipo pana jambo ambalo wengi hulisahau. Watu husema kuwa kompresa hupunguza sauti kubwa, lakini matokeo yanayosikika baada ya kufidia ni kwamba sauti ndogo zimepandishwa: pumzi za mwimbaji, mwangwi wa chumba, mlio wa vidole vikiteleza juu ya nyuzi, na mvumo wa umeme. Kila anayebana sauti huyanunua hayo pia, apende asipende.

Kushika na kuachia

Mbali na kizingiti na uwiano, kompresa ina vipimo viwili vya wakati. Cha kwanza ni muda wa kushika, yaani muda inaouchukua kuanza kubana tangu sauti ilipovuka kizingiti. Cha pili ni muda wa kuachia, yaani muda inaouchukua kurudi katika hali ya kawaida baada ya sauti kushuka. Kompresa mashuhuri ya 1176, iliyobuniwa na Bill Putnam wa Marekani mwaka 1967, huweza kushika katika muda wa kati ya mikrosekunde 20 na 800, na kuachia katika muda wa kati ya milisekunde 50 na sekunde 1 na nukta 1. Ile ya LA-2A, iliyobuniwa na Jim Lawrence katika miaka ya 1960, hutumia taa ndogo na kipande kinachohisi mwanga. Hiyo hushika kwa takriban milisekunde 10, kisha huachia nusu ya kipunguo haraka na nusu iliyobaki polepole, pengine kwa sekunde kadhaa. Vyombo hivi viwili vikiwekewa sauti moja havitoi muziki mmoja, kwa kuwa wakati ndio unaovitofautisha.

Gitaa ni mwalimu mzuri wa somo hili. Uzi ukipigwa, sauti hupanda ghafla katika milisekunde chache za mwanzo, kisha hufifia taratibu kwa sekunde kadhaa. Kile kilele cha mwanzo ndicho kinachomwambia msikilizaji ni lini uzi umepigwa. Mkia unaofuata ndio unaomwambia ni noti gani. Kompresa ikishika kwa haraka sana, kilele hubanwa na mkia hupandishwa. Gitaa husikika laini, lenye kudumu, lakini lililorudi nyuma. Ikishika baada ya milisekunde 20 au 30, kilele hupita salama na mkia ndio unaobanwa. Gitaa husikika lenye ncha kali kuliko lilivyopigwa. Chombo ni kile kile, kizingiti ni kile kile, lakini matokeo yanapingana. Kwa hiyo anayeshauri kwamba "gitaa libanwe kidogo" bila kutaja muda wa kushika hajashauri kitu.

Muda wa kuachia nao una mipaka yake, na mipaka hiyo huhesabika. Uzi mnene wa gitaa hutetema takriban mara 82 kwa sekunde, hivyo mtetemo mmoja huchukua milisekunde 12. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetema mara 41, na mtetemo mmoja huchukua milisekunde 24. Kompresa ikishika na kuachia kwa muda mfupi kuliko huo, haitafuata tena ukubwa wa noti bali itafuata wimbi lenyewe, ikilibonyeza na kuliachia ndani ya kila mtetemo. Umbo la wimbi litapotoka na besi itakwaruza. Kwa upande wa pili, wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika hupiga kila baada ya milisekunde 500, na nusu ya pigo ni milisekunde 250. Kompresa inayoachia kwa sekunde nzima haitakuwa imerudi noti inayofuata ipigwapo. Itabaki imeshika wakati wote, na kazi yake haitatofautiana sana na kurudisha kitufe cha sauti chini.

Gitaa safi na gitaa linalokwaruza

Kuna tofauti kubwa kati ya gitaa la umeme lenye sauti safi na lile lililokuzwa mpaka likakwaruza. Kikuza sauti chenye valvu kikisukumwa hadi mwisho wa uwezo wake, hakiwezi tena kupandisha vilele, huvikata. Kuvikata vilele ni njia mojawapo ya kubana. Gitaa la roki linalounguruma limekwisha kubanwa na kikuza sauti chake kabla halijafika kwenye maikrofoni. Kuliongezea kompresa baada ya hapo ni kama kumkamua ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa: sauti yenyewe haibadiliki sana, lakini mchezaji anyamazapo, mvumo wa kikuza sauti hupanda juu na kushuka tena noti irudipo, kana kwamba studio inapumua.

Gitaa safi ndilo lenye haja zaidi ya kompresa, na pia ndilo linaloweza kudhurika zaidi. Katika benga na katika muziki wa dansi wa Afrika Mashariki, gitaa la solo na gitaa la kupokea hujibizana kwa noti fupi fupi, kila moja likiingia katika pengo lililoachwa na jingine. Uzuri wa ufumaji huo hutegemea noti ianze wazi na iishe mapema. Kompresa inayobonyeza vilele na kuinua mikia huyajaza mapengo yale. Magitaa mawili yaliyokuwa yakizungumza hugeuka kuwa ukungu mmoja. Mchezaji akilalamika kuwa gitaa lake "halichezeki" katika rekodi, mara nyingi kosa haliko katika vidole vyake. Pale ambapo nguvu ya mkono wake haikuwa sawa, desibeli 2 au 3 za kubana, zenye muda wa kushika usio wa haraka, hutosha.

Yafaa pia kukumbuka kwamba kompresa siyo dawa ya kwanza. Neno moja likizama katika ubeti, fundi anaweza kulipandisha neno hilo peke yake, na programu za leo hulikumbuka badiliko hilo kila wimbo upigwapo. Magitaa mawili yakigombana kwa kuwa yote yanacheza noti za juu, dawa ni kulishusha moja. Hali kadhalika, kompresa ikiwekwa juu ya wimbo mzima, kila goma kubwa lipigwapo chombo hubana yote kwa pamoja: mwimbaji na magitaa hushushwa kwa kosa lisilo lao. Kiasi kidogo cha jambo hilo huufunga muziki ukawa kitu kimoja. Kikizidi, huufanya wimbo uyumbe kama mlevi.

Sikio hudanganyika

Kama mambo ndiyo haya, kwa nini mafundi wengi huzidisha? Jibu limo katika sikio. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara ya Bell huko Marekani walichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa sikio halihisi sauti nene, za kati na nyembamba kwa usawa, na kwamba sauti ipandapo, zile nene husikika vizuri zaidi kulinganisha na za kati. Kwa hiyo muziki ule ule ukipandishwa kidogo huonekana umejaa zaidi. Tofauti ikiwa ndogo, kama desibeli moja hivi, msikilizaji hasemi kwamba sauti ni kubwa zaidi. Husema ni nzuri zaidi.

Kompresa nyingi, zikiwashwa pamoja na nyongeza ya kufidia, hutoa sauti iliyo kubwa zaidi kwa wastani. Fundi anayeiwasha na kuizima, kisha akasema kuwa ikiwashwa wimbo unapendeza, hajalinganisha kubanwa na kutobanwa. Amelinganisha sauti kubwa na sauti ndogo. Katika maabara ya shule, mwanafunzi anayebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja katika jaribio huambiwa alirudie; hapana sababu ya fundi wa muziki kusamehewa.

Njia ya haki inafahamika. Sauti zote mbili zipimwe wastani wake na zisawazishwe mpaka tofauti isizidi nusu ya desibeli. Kisha mtu mmoja aendeshe na mwingine asikilize akiwa amegeuza mgongo, ataje kila mara kama kompresa imewashwa au imezimwa, huku mwendeshaji akichagua kwa kurusha sarafu. Majaribio yawe 10. Anayebahatisha tu ana njia 1,024 za kujibu, na kati ya hizo ni 11 tu zitakazompa majibu sahihi 9 au 10. Kwa hiyo bahati peke yake itampatia alama hiyo takriban mara moja katika mia. Msikilizaji akishindwa kuitambua tofauti, kompresa iondolewe. Akiitambua, hapo ndipo swali la uzuri linapoanza kuwa na maana.

Mashindano ya makelele

Madhara ya kupuuza jambo hili yameonekana waziwazi katika nchi zenye studio kubwa. Santuri za CD zilipoanza kuuzwa mwaka 1982, zilileta nafasi ambayo wanamuziki hawakuwa nayo kabla. Kila sampuli ina biti 16, yaani ngazi 65,536, na hesabu ya logarithimu huonyesha kuwa hizo ni desibeli 96 baina ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa. Ni kinaya kwamba, kuanzia miaka ya 1990, nafasi hiyo ilizidi kuachwa bila kutumika. Makampuni yalitaka kila wimbo usikike kwa nguvu kuliko uliotangulia, na kwa kuwa kilele hakiwezi kuvuka mwisho wa ngazi, njia pekee iliyobaki ilikuwa kubana mpaka kila kitu kilingane na kilele.

Mfano maarufu ni albamu ya Death Magnetic ya kundi la Metallica, iliyotoka Septemba 2008. Nyimbo zile zile zilitolewa pia kwa ajili ya mchezo wa Guitar Hero, bila kubanwa kiasi kile. Mashabiki walipozilinganisha, waligundua kuwa zile za mchezo zilikuwa na ngoma zilizo wazi na magitaa yasiyochoma masikio, ilhali picha za mawimbi ya CD zilionekana kama ukuta uliokatwa kwa msumeno. Maelfu walitia saini maombi ya kutaka albamu itayarishwe upya. Fundi aliyetayarisha nakala kuu, Ted Jensen, alieleza kwamba nyimbo zilikuwa zimekwisha kubanwa kabla hazijamfikia.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba mashindano hayo hayana tena tuzo. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, lilitoa kanuni ya kupima ukubwa wa sauti kama sikio liusikiavyo, na mwaka 2010 vyama vya utangazaji vya Ulaya viliweka kiwango kwa kutumia kanuni hiyo. Leo huduma za kusikiliza muziki kwa intaneti hufuata wazo hilo. Spotify, kwa mpango wake wa kawaida, huuleta kila wimbo karibu na kiwango cha −14. Wimbo uliobanwa hadi −8 hushushwa kwa desibeli 6. Vilele vyake, vilivyokuwa vikigusa mwisho wa ngazi, sasa viko nusu ya kimo hicho. Wimbo uliotayarishwa kwa −14 haushushwi, na vilele vyake hubaki vimesimama. Vikipigwa mfululizo, wa kwanza husikika umelala na wa pili umeamka. Aliyebana amepoteza uhai wa muziki wake na hakupata hata yale makelele aliyoyatafuta.

Hoja ya upande wa pili

Wapo watakaosema kuwa wasikilizaji wengi husikiliza ndani ya daladala au matatu, au kwa spika ndogo ya simu, na kwamba huko sauti ndogo hazisikiki zisipoinuliwa. Hoja hiyo ni ya kweli na haipaswi kudharauliwa. Lakini jibu lake ni kubana mahali panapostahili. Mtambo wa redio una kompresa yake, na simu au redio ya gari inaweza kupewa ya kwake. Chombo kilichomo garini kinaweza kubana wimbo mpana. Hakuna chombo kinachoweza kuurudishia uhai wake kamili wimbo uliokatwa vilele, kwa kuwa umbo lililokatwa halikuhifadhiwa popote. Anayebana nakala kuu huamua kwa niaba ya wasikilizaji wote, wa leo na wa baadaye.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa Tanzania. Kwa miaka mingi Radio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi wanamuziki wa dansi, wa taarabu na wa ngoma za jadi katika kanda za sumaku. Kazi ya kuhamisha kanda za namna hiyo kwenda katika kompyuta ikifanywa na mtu anayependa sauti ya kisasa, iliyobanwa na kung'arishwa, vizazi vijavyo vitarithi ladha ya mtu huyo badala ya muziki wenyewe. Sharti nakala ya kwanza ihifadhiwe kama ilivyo, pamoja na mivumo yake. Nakala za kusikiliza zitayarishwe kando. Kanuni hiyo inamfaa pia kijana anayerekodi bendi ya mtaani kwake: asiitupe kamwe rekodi isiyobanwa.

Kazi ya darasa

Shule yenye kompyuta moja inaweza kulifundisha somo hili. Audacity, programu inayopatikana bure, ina kompresa na huonyesha mawimbi kwa macho. Gitaa moja na simu ya kurekodia vyatosha. Wanafunzi wapige noti moja, waichunguze ikipanda na kufifia, waibane kwa muda mfupi na kwa muda mrefu wa kushika, kisha wachore matokeo. Baada ya hapo wafanye jaribio la kugeuza mgongo na kukokotoa uwezekano wake. Katika kipindi kimoja watakuwa wamekutana na mawimbi, logarithimu, uwiano na takwimu, na kila mmoja kati yao atakuwa na jambo la kuulizia katika muziki anaoupenda.

Wahenga walisema kuwa ngoma ikilia sana hupasuka. Kompresa ni chombo chema mikononi mwa anayejua anachotaka kurekebisha na aliye tayari kuizima asipoona faida. Fundi wa namna hiyo ataweka moja au mbili katika wimbo mzima, na ataweza kueleza sababu ya kila moja.